Nani Apewe Firigisi

Nakhumicha wa Kiminini ana macho mawili kama watu wengine, lakini kwa miaka mingi ameyatumia kwa kazi moja kuliko zote: kutazama firigisi ya kuku inakwenda kwa nani.

Riziki yake ni upishi wa sherehe. Harusi, posa, matanga, tohara za Agosti, mtoto kufaulu mtihani, mchungaji mpya kukaribishwa. Popote penye watu zaidi ya hamsini na kuni za kutosha, ataitwa yeye. Amepika Ndalu, amepika Chwele, amepika mpaka Bungoma mjini kwa watu wenye jiko la gesi, ambao mwishowe walimwomba awashe moto nje kwa mawe matatu kama kwao. Miaka ishirini sasa. Sufuria zake kubwa zimepanda bodaboda mara nyingi kuliko wanafunzi wa sekondari, na kutoka Kitale hadi Chwele hakuna mwingine anayeweza kutazama viti tu, bila kuuliza mtu, akajua ni mchele kiasi gani utaingia chunguni.

Na katika kila boma amekutana na swali lile lile. Kuku ana mapaja mawili na mabawa mawili, lakini firigisi ni moja. Huku kwa Wabukusu kile kinyama cha mviringo si chakula tu, ni cheo. Anayewekewa firigisi sahanini ndiye mkubwa wa siku hiyo, na wote walioketi wanaona, na wote wataondoka wakisimulia. Ndiyo maana haikatwi. Hupikwa nzima na kuwekwa juu ya mchuzi nzima, ionekane hata na aliyeketi nyuma kabisa. Wala usimdanganye mtu kwa firigisi za kuku wa broila. Hizo hata zikiwa kumi hazihesabiki, ni za watoto. Firigisi inayosemwa hapa ni ya jogoo wa kienyeji, na jogoo wa heshima huwa mmoja.

Wenye nyumba humjia jikoni kwa kunong'ona. "Mama, ile kitu peleka kwa yule wa koti ya kijivu." Nakhumicha huitikia, hupeleka, kisha hurudi kwenye moshi wake kucheka. Kwa kuona tu firigisi imetua wapi, anajua mambo ya lile boma ambayo hata majirani hawayajui.

Kule Chwele, mzee mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba alimpa naibu wa chifu, huku kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu utotoni, akiguguna shingo kwenye kona. Nakhumicha aliita ile firigisi ya woga. Ndalu nako, familia nzima ilikubaliana kwamba iende kwa kijana mwenye miwani myeusi aliyeshuka kwenye gari kubwa jeupe. Kijana akaila vizuri, akajifuta mdomo, akamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo babu mmoja mwenye viatu vya gamboti, aliyekuwa ameketi kimya karibu na zizi akiongea na watoto kuhusu ndama, aliposimama akasema, "Dereva, twende, giza litatukuta." Mwenye nyumba nusura azirai. Nakhumicha alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia la mahindi, na msaidizi wake akadhani ameshikwa na tumbo. Lakini yule dereva, Nakhumicha alimpenda. Alisema angalau yeye alikuwa ameamka alfajiri akafanya kazi.

Na karibu na mji wa Bungoma kuna mwenye boma aliyemjia akamwambia bila haya, "Hiyo niletee mimi mwenyewe." Nakhumicha humkumbuka mpaka leo. Anasema mtu yule hakuficha anamheshimu nani.

"Watu hawajui," alikuwa akimwambia binti yake Edinah wakisugua sufuria kwa majivu. "Wanafikiri wanampa mgeni nyama. Kumbe wanajianika wenyewe nje kama nguo."

Edinah alikuwa akicheka. Alikua na hayo mazungumzo kama watoto wengine wanavyokua na hadithi za sungura na fisi. Na Nakhumicha, tuseme ukweli, alijiona amesimama juu kidogo ya hao watu wote. Yeye alikuwa mpishi. Kuchagua kulikuwa kazi ya wengine, na kucheka kulikuwa kazi yake.

Basi Desemba iliyopita zamu ikamfikia.

Edinah alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi katika chuo kimoja mjini Kitale. Huyo ndiye mtoto wake wa pekee, aliyeachwa na baba akiwa na miaka miwili. Hesbon, mumewe Nakhumicha, alifariki kwa homa ya siku tatu, na mjane akaenda Kitale akiwa na gauni moja, mtoto mgongoni, na ujuzi wa kupika ugali tu. Aliyempokea ni Khadijo, mwenye hoteli ndogo nyuma ya msikiti, mama wa Suad na Shafi. Hakumuuliza kabila wala dini. Alimuuliza kama anaweza kuosha sahani bila kuzivunja.

Aliosha sahani mwaka mmoja. Siku moja Khadijo akamwita penye sufuria ya pilau, akamwambia ainamishe sikio karibu na kifuniko. "Sikiza," akasema. "Ukisikia unanong'ona, acha. Ukinyamaza, toa moto." Nakhumicha aliinama pale kila siku mpaka akaujua mnong'ono wa wali kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Edinah alikuwa akilala katikati ya magunia ya mchele, na Suad, aliyekuwa msichana wa shule, ndiye aliyemfundisha kuhesabu. Miaka minne baadaye, Nakhumicha aliposema anataka kurudi Kiminini aanze yake, Khadijo aliingia ndani, akatoka na sufuria kubwa kuliko zote. "Hii imenichosha mkono," akasema. Ilikuwa mpya. Hakuna aliyechoshwa.

Hiyo ndiyo historia yao, na Nakhumicha hakuwa ameisahau hata siku moja. Lakini kutosahau ni kitu kimoja, na miguu kuvimba ni kitu kingine.

Miguu yake ilikuwa imeanza kumsaliti. Ukisimama mbele ya moto miaka ishirini, damu inachoka kupanda. Jioni vifundo vilikuwa vikijaa mpaka viatu vinakataa, na Edinah alikuwa akimkanda kwa maji ya moto huku akitaja majina ya ugonjwa ambayo mama mtu hakuyataka. Ndipo ikasikika kwamba shule moja ya bweni upande wa Ndalu inatafuta mkuu wa jikoni. Kazi ya mshahara. Kazi ya kiti. Unakaa, unaamuru vijana wanne, unaonja, unatia sahihi, unaenda nyumbani. Hakuna kubeba sufuria kwenye bodaboda, hakuna kulala kwenye boma la watu ukichunga maharagwe. Nakhumicha aliitaka ile kazi mpaka akawa anaiota.

Mwenyekiti wa bodi ya shule hiyo alikuwa Bwana Walubengo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na tumbo la kutosha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea tu kutengenezewa njia. Sifuna, kaka mkubwa wa marehemu Hesbon, alijuana naye kanisani, akamwalika kwenye sherehe ya kumpongeza Edinah. Akajibiwa, "Nitakuja, na ile maneno ya shemeji yako tutaongelea huko huko."

Kila mtu alielewa. Sifuna alielewa zaidi ya wote. Sifuna ni mtu wa desturi, mrefu, mwenye kofia asiyoivua ila kanisani, na ulimi wake ni wa kule kwao Bungoma kabisa, 'r' na 'l' zikibadilishana viti atakavyo.

"Shemeji," alimwambia, "mimi nimefanya kazi yangu. Kazi yako imebaki moja tu. Filigisi."

"Nimesikia," Nakhumicha akasema.

"Iende kwa Mwenyekiti. Moja kwa moja. Isipitie kwa mtu."

"Nimesikia, shemeji."

Na hakujiuliza mara mbili. Yeye aliyewacheka watu wa Chwele na Ndalu hakujiuliza hata mara moja.

Siku yenyewe ikawa ya jua zuri, mahindi yakiwa yameshavunwa na mabua yakiwa yamelala shambani, ng'ombe wakijichagulia. Mahema mawili yalisimama uani. La mbele lilikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, la wageni wakubwa. La pili, karibu na jikoni, lilikuwa la akina mama, watoto, na yeyote ambaye hakuna aliyejua amweke wapi.

Asubuhi na mapema kulikuwa na ugomvi mdogo. Sifuna alikuwa amechinja broila wote kumi na wawili kwa mkono wake, na nyama ya ng'ombe ilikuwa imetoka kwa muuza nyama, ambako anayechinja ni Mwislamu siku zote. Alipomfikia jogoo, Nakhumicha akamzuia.

"Huyo mwache. Shafi yuko njiani kutoka Kitale."

"Shafi ya nini? Mimi niko na kisu hapa, nimesimama tu kama mlingoti!"

"Mwache, shemeji."

Shafi akafika kwa pikipiki, akanawa, akaelekea kibla, akafanya kazi yake kwa dakika moja, akakataa chai kwa sababu alikuwa anarudi kumtafutia mama yake gari. Sifuna akabaki anautazama mkono wake usio na kazi, akinung'unika kwamba siku hizi hata jogoo anaagiza mtu wa kumchinja.

Kufikia saa saba wageni walikuwa wamejaa. Bwana Walubengo aliwasili na zawadi ya sukari mfuko mzima, jambo la ungwana, akapelekwa kiti cha katikati. Khadijo aliteremshwa polepole kutoka kwenye gari la jirani yake. Ana miaka karibu themanini sasa, mdogo, amejifunga buibui jeusi, fimbo mkononi. Vijana wa kupanga viti hawakumjua. Wakamwona bibi kizee, wakamweka hema la pili, mwisho kabisa, karibu na pipa la maji. Akakaa. Akaanza kuwauliza watoto majina yao na kama wanajua kuhesabu.

Jikoni, Nakhumicha alikuwa akipakua. Edinah aliingia na gauni lake jipya la buluu, amefunga leso kiunoni lisichafuke, aje apeleke sahani za wakubwa. Akaona sahani moja imefunikwa kwa bakuli.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Mwenyekiti."

Edinah akainua bakuli. Firigisi ilikuwa pale, nzima, inang'aa kwa mafuta, na paja pembeni. Akaifunika tena.

"Mama, kwani unamheshimu sana yule mzee?"

Nakhumicha alikuwa na mwiko mkononi, akaushusha. Hakuwa mwongo, na hakuwa na nguvu ya kuanza uwongo kwenye joto lile. "Simheshimu wala simdharau. Namhitaji. Si unaona hii miguu?"

"Naiona. Si ni mimi huwa naikanda?"

"Basi peleka chakula."

Edinah hakusogea. "Ati kuna firigisi ya woga. Si wewe ulisema? Na kuna ya kutaka kitu. Na ukaniambia watu wakipeleka hivyo wanajianika."

"Edinah, usinihoji kama polisi. Wageni wana njaa. Peleka!"

Msichana akachukua sahani. Alikuwa mtiifu, hakuwa na jeuri, na alimtakia mama yake ile kazi kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwa pale. Alifika mlangoni, akageuka.

"Naenda. Lakini niambie moja tu. Huyu jogoo kama alikuwa wa Mwenyekiti, ulimtoa Shafi Kitale asubuhi yote aje amchinje kwa nini?"

Nakhumicha akaanza kuhesabu. Mwenyekiti ni mtu wa Kanisa la Marafiki. Kisu cha Sifuna kingemtosha kabisa. Khadijo naye angekula nyama ya ng'ombe kama wengine, na ilikuwepo tele. Ni jogoo mmoja tu aliyewekewa Shafi. Na Shafi alipigiwa simu wiki mbili kabla, siku ile ile tarehe ilipopangwa, kabla hata Sifuna hajataja jina la Mwenyekiti. Nakhumicha mwenyewe ndiye aliyepiga hiyo simu, na wakati akiipiga hakuwa akifikiria shule wala mshahara. Alikuwa akifikiria mtu mmoja ambaye lazima aweze kumla huyu jogoo.

Aliona aibu. Aibu ya kweli, inayopanda shingoni. Kisha, kwa sababu ni Nakhumicha, akaanza kucheka.

"Wewe mtoto utanifukuzisha kazi ambayo hata sijapata," akasema. "Lete hapa. Hii si ya kutuma mtu."

Alifunga kitambaa chake vizuri, akavaa kandambili, akatoka na sahani mikononi. Jiko lilikuwa upande wa chini wa ua, na ili kufika mwisho wa hema la pili bila kukanyaga watoto ilibidi apite mbele ya meza yenye kitambaa cheupe. Watu wakamwona. Mpishi akitoka jikoni mwenyewe, na sahani moja imefunikwa, kila mtu anajua ni nini. Mazungumzo yakapungua. Sifuna akavuta kiti chake, akatabasamu. Bwana Walubengo akasogeza kando sahani ya wali, akasogeza kando soda, akafanya nafasi mbele yake ya upana wa sahani moja, akapangusa vidole kwa karatasi.

Nakhumicha akampita.

Hakumpita kwa kiburi. Alisema, "Karibuni sana, Mwenyekiti, chakula kinakuja," na akaendelea kutembea na miguu yake iliyovimba, kandambili zikipiga pa, pa, pa, katika ukimya ambao Kiminini haijausikia tangu stima zilipokatika wakati wa fainali. Sifuna alinyanyuka nusu, akabaki hivyo, hajasimama wala hajakaa.

"Shemeji," akaita kwa sauti ya chini, "shemeji, umepotea. Ni huku."

Akampita na yeye. Akafika karibu na pipa la maji, akapiga magoti taratibu, goti moja, kisha la pili, akafunua sahani mbele ya Khadijo.

Minong'ono ikalipuka. Kwanza, mgeni wa heshima yuko kule. Pili, na hili ndilo lililowatoa macho akina mama wenyewe, huyu ni mwanamke. Zamani mwanamke wa Kibukusu hakula kuku kabisa. Siku hizi wanakula mpaka miguu, hakuna anayeuliza, lakini firigisi bado ina wenyewe. Mwanamke hupika firigisi, huibeba, huiweka mezani. Kuila ni habari nyingine.

"Mama Suad," Nakhumicha alisema, "hii ni yako."

Khadijo akainama, akaitazama karibu sana, maana macho nayo yamechoka. "Ni nini hii?"

"Ni firigisi."

"Naona ni firigisi. Nauliza ni nini."

Nakhumicha alitaka kusema mengi. Alikuwa na maneno gunia zima: magunia ya mchele, sufuria iliyosemwa imechosha mkono, mtoto aliyelala bila kulipiwa kitanda. Akasema tu, "Huku kwetu hii hupewa mtu mmoja. Mimi mtu wangu ni wewe."

Khadijo akanyoosha mkono. Akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akasema bismillahi, akaishika juu juu akiizungusha. Kisha akasema kwa sauti ambayo hema zima lilisikia, "Nakhu, wataka kuniua? Meno yenyewe yamebaki manne, na hayaonani!"

Hema la pili likavunjika mbavu. Hata Edinah, aliyesimama nyuma akiwa na machozi, alicheka akapaliwa. Nakhumicha akashika mdomo. Miaka hii yote hakuwahi kufikiria meno.

"Sasa," Khadijo akasema walipotulia, "umenipa. Ni yangu?"

"Ni yako."

"Kabisa? Naweza kufanya nitakavyo?"

"Kabisa."

"Basi keti hapa." Akapigapiga kiti kitupu kilicho pembeni yake. "Keti, wacha kupiga magoti na miguu hiyo. Mimi nimekupa wewe. Kula."

"Mama Suad, mimi siwezi. Mimi ni mwanamke, wazee wako hapa..."

"Na mimi nani, mwanamume? Kula. Nilipokupa sahani za kuosha hukuniuliza wazee."

Nakhumicha akaketi. Alitazama upande wa hema la mbele, akatazama akina mama, ambao sasa walikuwa wameacha kula kabisa. Mmoja wao, mke wa mzee wa kanisa, akamwambia kwa kunong'ona, "Kula bana, tuone." Akaichukua. Amepika firigisi mia ngapi hawezi kujua, na hakuna hata moja aliyowahi kuitia kinywani. Akauma.

Wakati huo huo Bwana Walubengo alisimama, akatazama simu yake ambayo haikuwa imelia, akasema maneno mawili kwenye sikio la Sifuna. Akaaga meza kwa adabu. Gari likawaka, likatoka uani polepole likipisha kuku na watoto, likashika barabara ya Kitale. Sifuna akaja mbio, kofia mkononi, na watu walijua mambo ni mazito kwa kuiona ile kofia imetoka kichwani.

"Shemeji! Ameenda! Amesema nikuambie ile kazi ya jikoni wamepata mtu mwingine. Umesikia? Kazi imeenda! Sasa tutafanya aje?"

Nakhumicha alikuwa bado anatafuna. Alitafuna polepole, macho yameenda mbali, kama mtu anayesikiliza kitu. Watu wote wakangoja. Walingoja alie, au amlaani Mwenyekiti, au amwombe Sifuna akimbilie lile gari. Habari ya kazi ilimchoma, hilo halikufichika. Uso wake uliinama kidogo. Kisha ukainuka tena, na umejaa mshangao.

"Haina chumvi," akasema.

"Nini haina chumvi?" Sifuna akauliza.

"Firigisi. Ndani haina chumvi kabisa. Mchuzi umekolea, lakini hii, kwa vile tunaipika nzima, chumvi haiingii." Akaitazama ile nusu iliyobaki. Mpishi ndani yake alikuwa ameamka na kusahau kila kitu. "Imekuwa hivi siku zote?"

Sifuna aliigeuza kofia mkononi. Amekula firigisi nyingi maishani, kwenye maboma mengi, na kumi au zaidi zilikuwa za mkono wa huyu huyu shemeji yake. "Hiyo?" akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Hiyo haijawahi kuwa na chumvi, shemeji."

"Na hukuniambia? Miaka ishirini?"

"Ningesema aje? Ni filigisi!"

Nakhumicha alimtazama. Akawawazia wote, mmoja mmoja: naibu wa chifu wa Chwele, wachungaji, walimu wakuu, wazee wa posa wenye bakora, wote wakitafuna mbele za watu na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwita pembeni amwambie ukweli wa kile alichokuwa nacho kinywani. Kicheko kilimwanzia tumboni. Khadijo naye akaanza kucheka, meno yake manne hadharani, kisha mke wa mzee wa kanisa, kisha wote, mpaka Sifuna mwenyewe akavaa kofia yake na kujificha chini yake akitikisika mabega.

"Edinah," Nakhumicha aliita alipopata pumzi, "niletee chumvi."

Edinah akakimbia kuileta. Nakhumicha akainyunyizia ile nusu iliyobaki, akampa Khadijo kipande laini cha pembeni aking'ang'anie, na iliyosalia akaila yote, bila haraka, akiwa ameketi.